Jina Nililoliacha Kwenye Tangazo

Anayetaka kubisha abishe, lakini anisubiri nimalize. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, kwenye kibanda changu cha kuchapa barua pale Newala, na mdogo wangu Hadija alikuwepo. Watu hudhani mambo ya namna hii huja usiku wa manane, kwenye njia ya makaburini. Yangu yalikuja saa nane mchana, nikiwa nimekaa kwenye stuli na kikombe cha uji mkononi.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa kwanza. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujageuka, nikabaki na wadogo watatu. Nilikuwa kidato cha pili. Shule nikaiacha, kwani ningefanyaje? Masista wa misheni walinifundisha kupiga taipu, na mradi mmoja wa maji ulipofungwa, wazungu wake wakiuza viti na matangi, nikanunua kwao kompyuta ambayo hata wao walikuwa wameshaitupa stoo. Korosho zetu za msimu mzima ziliishia hapo. Wajomba walinisema mpaka wakachoka.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipofika huku kwetu. Wanunuzi binafsi wa korosho, mitumba, leseni za biashara, redio mpya kila uchao. Ghafla kila mtu alihitaji karatasi. Mwalimu alitaka mitihani ichapwe, chama cha wakulima kilitaka barua, kijana alitaka maombi ya kazi. Wote walikuja kwangu.

Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu hata siku ile. Kioo chake kidogo, maandishi ya kijani tu. Ndani haikuwa na mahali pa kuhifadhi kitu. Unaiwasha kwa flopi, halafu unaitoa hiyo flopi na kutia nyingine yenye barua zako. Vumbi la Newala lilikuwa linaingia kwenye vitufe, nikawa naifunika kwa kanga kila jioni kama mtoto mchanga. Vijana waliokwisha kuona kompyuta za rangi Masasi walinicheka. Mmoja alisema, "Dada, hiyo si kompyuta, hiyo ni redio ya babu iliyoota meno." Nilicheka nao. Redio hiyo yenye meno ndiyo iliyokuwa inawalipia wadogo zangu ada.

Flopi nilikuwa nazo sita tu, na sikujua nitapata wapi nyingine. Kwa hiyo sikuwa naandika barua mpya. Nafungua ya juzi, nabadilisha majina, nachapa, basi. Masista kwenye taipu zao wangelazimika kuanza upya ukurasa mzima. Mimi nilijiona mjanja.

Siku moja jioni alikuja Mzee Ausi kutoka Mkunya, na baiskeli yake. Dada yake, Bi Somoe, alikuwa mgonjwa sana, na mtoto pekee wa yule mama, Zuhura, hakuwa anajulikana alipo. Nyumba yake ilikuwa Lisekese, lakini alikuwa akiuza mitumba, leo mnada huu, kesho ule. Mzee alitaka tangazo la redio.

"Mashine yako hii imezeeka kuliko mimi," aliniambia akiichungulia.

"Imezeeka, babu, lakini haisahau kitu."

"Asiyesahau ni mtu mbaya kuishi naye," akasema, tukacheka.

Nikaandika: *Zuhura binti Hamisi wa Lisekese, Masasi, popote alipo, anaombwa afike nyumbani Mkunya haraka. Mama yake mzazi, Bi Somoe, ni mgonjwa sana.* Nikamsomea, maana yeye hakujua kusoma. Akaridhika. Karatasi ikapelekwa Masasi kwa mtu mwenye faksi, aitume redioni.

Siku ya tatu akarudi. Nilipomwona hakushuka vizuri kwenye baiskeli nikajua.

"Dada yangu amepumzika," alisema. "Kaburi halitamsubiri Zuhura, lakini matanga yatamsubiri. Andika ajue. Ajue kwamba mama yake amekufa, mwanangu, hilo tu ninalotaka."

Umeme wa Newala wakati ule ulitoka kwenye jenereta ya mji, jioni tu, na wiki ile mafuta yalikuwa haba. Taa zilikuwa zimeshaanza kunywea. Kulikuwa na gari linaloondoka kwenda Masasi, na dereva alikuwa anapiga honi barabarani. Nikafungua lile tangazo la ugonjwa. Maneno ya kuugua nikayafuta, maana mgonjwa hakuwapo tena. Pale palipoandikwa "popote alipo, anaombwa afike" nikaandika "amefariki dunia", na "haraka" nikaifuta. Nikaongeza matanga, nikaongeza ndugu wa Lisekese na Nachingwea. Nikachapa. Printa ilikuwa bado inakoroma taa zilipozimika, karatasi nikaimalizia kuivuta kwa mkono gizani.

Sikumsomea. Niamini, ni mara moja tu katika kazi yangu yote. Yeye akaikunja karatasi, akamkimbilia dereva.

Jumanne jioni nilikuwa uani nasonga ugali, redio iko kwenye kinu kilichopinduliwa. Mtangazaji akasoma, kwa ile sauti yao ya vifo: Zuhura binti Hamisi wa Lisekese, Masasi, amefariki dunia nyumbani Mkunya.

Nilisimama na mwiko mkononi. Nililiona tangazo zima kichwani, kama lilivyokuwa kwenye kioo. Jina la mbele nilikuwa sijaligusa. Nilikuwa nimemuua aliye hai, na aliyekufa sikumtaja hata kidogo.

Nikazima redio.

"Dada, wanasoma vifo, mbona unazima?" Hadija akauliza.

"Betri zinaisha."

Umeme ulikuwepo jioni ile. Ningeweza kukimbia kibandani nikaandika sahihisho, nikampelekea Mzee Ausi Mkunya asubuhi, nikapiga magoti. Sikufanya. Nilijiambia Zuhura mwenyewe akisikia atacheka, atakwenda nyumbani kuwaonyesha kuwa ni mzima, na huko atajua habari za mama yake. Ukweli ni kwamba niliogopa. Yatima mwenye mashine kuukuu, akisemwa kwamba anatangaza vifo vya watu walio hai, nani atamletea tena karatasi? Na wale watatu wangekula nini?

Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita. Nikaanza kupumua.

Ijumaa kulikuwa na ule ukungu wetu wa kipupwe, unaotoka bonde la Ruvuma na kukaa mjini hadi mchana. Kila aliyeingia kibandani siku ile aliingia amelowa, matone kwenye nyusi. Mimi nilikuwa nasubiri umeme wa jioni. Hadija alikuwa kwenye mkeka anapanga mitihani ya shule.

Mwanamke akaingia bila kupiga hodi. Makamo, mnene kidogo, kanga mbili. Hadija akasema, "Shikamoo, mama." Yule mama hakuitikia. Hadija akarudia, akidhani hakusikika. Alikuwa ananitazama mimi tu.

"Wewe ndiye unayeandika matangazo ya redio?"

"Ndiyo, mama. Karibu kiti."

Hakukaa. Nilimmiminia maji kikombeni, na mnajua maji kwetu Newala yalivyo adimu. Mgeni akipewa maji amepewa heshima. Hakuyatazama.

"La Zuhura binti Hamisi uliandika wewe?"

"Wiki hii nimeandika mengi, mama."

"Zuhura ni mimi."

Nikaweka kikombe cha uji chini. Nikangoja matusi. Lakini hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu aliyepotea anayeulizia njia.

"Sikuja kugombana," alisema. "Kufa redioni si kufa. Nilipolisikia nilicheka, na wenzangu wakacheka. Halafu nikawaza. Redio imesema nyumbani kwetu kuna matanga. Kama si yangu, ni ya nani? Nani amekufa nyumbani?"

Hapo ndipo pa kusema. Maneno manne yalitosha: *Ni mama yako, dada.* Yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini nikiyasema, atauliza nimejuaje, na nikishajua, kwa nini niliandika vile. Mnaona nilivyokuwa nahesabu?

"Labda watu wa redio walikosea kusoma," nikasema. "Nenda nyumbani, mama, huko watakueleza."

"Nimeshafika," alisema. "Nimewauliza wote. Hawanijibu."

Nilidhani ana maana wamemwogopa, wamemdhania mzuka.

"Basi nionyeshe ulichoandika."

"Umeme hakuna, mama, mpaka jioni."

"Mbona kinawaka?"

Nikageuka. Kanga niliyoifunikia mashine ilikuwa na mwanga wa kijani chini yake. Nikaifunua. Flopi zote sita zilikuwa kwenye droo yangu, waya wa umeme umelala sakafuni, na kwenye kioo, mstari wa kwanza kabisa, palikuwa na jina lake. Jina tu. Baada yake patupu, ile alama ndogo ya kuandikia inapepesa, inapepesa, kama inangoja nimalize.

Niliifunika upesi. Nilipogeuka alikuwa ameshafika mlangoni.

"Nitauliza kwingine," alisema, akaingia kwenye ukungu.

Hadija akasonya. "Yule mama ana kiburi. Mara mbili namwamkia." Akaendelea kupanga karatasi zake, halafu akanyanyua kichwa. "Dada, kwani ametoka wapi? Kila mtu leo kaloa, yeye kanga zake kavu, zimejaa vumbi jekundu."

Nilikuwa nimeliona vumbi lile. Nilikuwa nimeona pia kwamba mguu mmoja alivaa ndala, mwingine mtupu.

Jumatatu Mzee Ausi akaja, na yeye ndiye aliyenieleza. Zuhura alilisikia tangazo lake akiwa Masasi. Jumatano asubuhi akadandia lori la mizigo kuja Newala, akakaa juu ya magunia, akawachekesha abiria wenzake njia nzima: "Nakwenda kwenye matanga yangu mwenyewe, mtakula wali wangu." Kwenye kile kilima cha kupandia uwanda wa juu wa Newala lori likarudi nyuma, likapinduka. Wengine waliumia. Aliyekufa ni yeye. Walimzika Mkunya Alhamisi, ubavuni mwa kaburi la mama yake ambalo udongo wake ulikuwa bado haujashuka.

Sasa hesabu mwenyewe siku. Mimi nilimkaribisha kiti Ijumaa.

"Ndugu wa Lisekese walikuja kumzika," alisema mzee. "Wakauliza, mama yake yuko wapi, mbona hatumwoni msibani? Tukawaonyesha kaburi. Hawakuwa wamesikia." Akaitazama mashine. "Mwanangu, uliniambia mashine yako haisahau. Hukuniambia kwamba inaona mbele."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananiogopa. Huko Mkunya walikuwa wamekwishaamua kwamba niliandika lililokuwa linakuja. Nafasi ya kusema ukweli ilikuwa mbele yangu tena, imekaa kwenye kiti kile kile alichokataa Zuhura. Nikasema, "Pole sana, babu."

Na mnajua kilichofuata? Wateja waliongezeka. Walisema mashine ya yule binti haikosei. Walikuja kutoka vijiji vya mbali wakitembea na matangazo yao, wananyenyekea, wengine hawathubutu kuigusa meza. Kwa fedha hiyo Hadija alimaliza shule, na wawili wengine wakamaliza. Kila shati la sare nililowanunulia nilijua limetoka wapi.

Jina halikuondoka. Nikiwasha mashine, kabla sijaandika neno, lipo pale juu, limefifia, nyuma ya kila barua niliyoandika. Nilimleta fundi kutoka Masasi. Akasema vioo vya zamani huungua, maandishi yakiachwa yamewaka miezi na miezi hubaki na alama. Nikamwambia maneno haya hayakukaa hata nusu saa. Akanitazama, akakusanya bisibisi zake, na malipo hakungoja.

Miaka ilipita ndipo nikapata moyo wa kwenda Mkunya. Mzee Ausi alikuwa amechoka sana, haoni vizuri, amelazwa barazani kwenye kitanda cha kamba. Nikamweleza yote, tangu jenereta hadi kikombe cha maji. Hakunikatiza.

"Karatasi nakusamehe," alisema. "Ningejua kusoma ningeiona mwenyewe. Hata lori silo lako. Lakini mtoto wetu alikuja kwako kwa miguu yake. Sisi tulikuwa hatumsikii. Wewe ulimsikia, peke yako, akakuuliza jambo moja tu, ukamficha. Hilo si langu kusamehe. Kamwombe yeye."

Nimekwenda kaburini mara nyingi. Nimesema kwa sauti aliyekufa ni nani, nikataja jina la mama yake na siku. Sijui kama anasikia. Kibandani hajarudi, na mimi kila ukungu ukishuka huacha mlango wazi mpaka jioni, wadogo zangu wananiambia naingiza unyevu kwenye mashine.

Kwa hiyo wewe unayesoma, uliye na kalamu, au simu, au mashine mpya yenye rangi zote, usidhani ninakuonya habari ya mizuka. Ninakuonya habari ya siku utakayoulizwa jambo unalolijua, na jibu lake likawa linakuaibisha. Jibu siku hiyo hiyo. Usimwangalie usoni mwulizaji ukadhani atapita tena kesho.