Baba Saba wa Bolat

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja nilitoka kwetu Nyalukemba, mtaa wa Bukavu, bila mpango wowote, shati moja tu mwilini. Shule nilikuwa nimeiacha, maswali hayakuniacha. Njiani jeep ikasimama. Ndani walikuwamo mafundi wawili wa mashini za barabara, wageni waliokaa Bukavu hadi wakaokota Kiswahili chetu. Wakauliza njia ya Kalehe. Sikuwahi kufika huko, lakini nikapanda.

Orhan, aliyeendesha, alikuwa na macho ya bluu. Mwenzake Bolat alikuwa na uso mpana na macho membamba.

"Papa, wewe iko Muchina?" nikamuuliza Bolat.

Orhan alicheka hadi gari likayumba.

"Hapana," Bolat akajibu. "Mimi niko Mukazaki, huyu Muturuki. Shina yetu iko moja."

Niliwatazama, nikachanganyikiwa. Bolat akaeleza kwamba wazee wao wa kale walifuga farasi kwenye mbuga za Asia ya kati. Wengine wakaenda magharibi, wakaoa kwa watu waliowakuta, wakawa wakulima na watu wa mjini. Huko ndiko kwa kina Orhan. Wengine walibaki na farasi, ndio kina Bolat. Wengine wako mbali kaskazini kwenye barafu. Kuna Waislamu, kuna Wakristo, kuna wanaoshika dini ya mababu. Yeye mwenyewe alibebwa mgongoni wazazi wakikimbia vita na kuvuka milima, wakapokelewa nchini kwa Orhan.

"Sasa muko kabila moja ao mingi?"

"Inategemea nani anauliza," Orhan akasema. "Na wewe?"

"Niko Muzaïrwa." Miaka ile nchi yetu ikiitwa Zaïre, ndivyo tulivyofundishwa kujibu.

"Hiyo ni ya serikali," Bolat akasema. "Baba zako saba ni nani?"

Kwao kila mtoto huwajua: baba, babu, hadi kizazi cha saba. Akawataja wake, mmoja baada ya mwingine, bila kukwama. Mimi nilikuwa na baba, Murega kwa kabila, mtu wa Mwenga, na baba yake. Basi.

Karibu na Kalehe mvua ikatushika, jeep ikazama kwenye matope, na giza lilikuwa linaingia. Nyumba iliyokuwa karibu ni moja tu. Maman mmoja mzee akafungua mlango nusu.

"Muko batoto ya nani?"

Bolat akataja baba zake saba. Yule maman hakuelewa hata jina moja, lakini alitikisa kichwa kukubali kila moja.

"Huyu iko na kwao. Ingia."

"Mimi niko ndugu yake," Orhan akasema.

Maman akayatazama macho yale ya bluu. "Ndugu ya wapi! Haya, ingia. Na wewe, mutoto ya hapa?"

Nikataja wawili, majina ya Kirega, nikaishia hapo. Maji yalikuwa yakinitiririka shingoni. Niliogopa kweli kwamba nitalala nje katika nchi yangu mwenyewe.

"Mama yangu iko Mushi," nikaongeza.

"Baba Murega, mama Mushi. Sasa wewe iko nani?"

"Sijui, maman."

"Sijui nayo iko jibu. Ingia. Kesho utaenda kuuliza kwenu."

Tukalala watatu kwenye mkeka mmoja.

Nilirudi kuuliza, mwanangu, lakini wazee wengi walikuwa wameshakwenda. Nimefika wa tano tu. Na Waturuki na ndugu zao bado sijamaliza kuwaelewa. Kwa hiyo usimpe mtu kabila kwa kumtazama usoni. Muulize, na jibu likiwa refu, kaa usikilize. Na kabla hujaondoka kwenda safari yako, waulize wazee wako majina wangali na pumzi.

Mungu akufungulie mlango kila jioni, na ukiulizwa u mtoto wa nani, asikuache bila neno.