Hilo Neno "Havionekani"

Alhamisi, kliniki moja ya Temeke, tukiwa kwenye benchi tukisubiri dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, baba mmoja mchonga vinyago alimrudishia nesi kopo la dawa likiwa limejaa.

"Mpe mwingine, sista. Mie nimepona."

"Nani kakwambia umepona, baba?"

"Si wewe! Mwezi uliopita ulinisomea majibu, ukasema virusi havionekani. Sasa nimeze dawa nimtibu nani?"

Nesi akaanza kueleza habari za vipimo, baba akakunja mikono. Ndipo mama muuza mihogo aliyekaa pembeni yangu akapaza sauti: "Shemeji, mume wangu haonekani tangu asubuhi. Nikae eda?"

Benchi zima lilicheka. Baba naye alicheka, kisha akalivuta kopo lake taratibu. "Kumbe vimejificha tu?"

"Dawa ndiyo imevificha," nesi akamjibu. "Ukiiacha, vinarudi."

Mie hasira zilinipanda. Mwezi mzima mtu hajameza dawa, kisa neno moja lililosomwa kwenye karatasi bila maelezo! Wataalamu wetu, mkisema "havionekani", malizieni sentensi. Mkishindwa, mwajirini yule mama wa mihogo.