Programu Iliyojaribiwa kwa Kompyuta Nyingine

Miaka ile miwa ilipokuwa imenoga, nilikuwa karani wa mizani kule Navakholo, na hadi leo nikikumbuka asubuhi moja nawaka kwa hasira. Fundi wa kompyuta alitumwa na kiwanda atuletee programu mpya ya kupimia trela za miwa. Akaijaribu kwenye kompyuta yake mpya, uzito ukatokea papo hapo, akaandika kwenye fomu: "Imefaulu." Nikamsihi aijaribu pia kwenye ile yetu kuukuu iliyojaa vumbi la barabara. Akaniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi. Akatuwekea hivyo hivyo.

Kwenye kompyuta yetu kila uzito ulichukua muda mrefu kutokea, na kufika saa sita, matrekta yalikuwa yamekwama foleni juani. Miwa ikikauka hupungua uzito, na mama mmoja mjane alikuwa na trela moja tu, mavuno yake yote.

"Programu ni nzuri," fundi akasema. "Mashine yenu ndiyo mbovu."

"Sasa miwa yangu inapimwa kwa ipi, kijana wangu? Yako au hii?" mama akamuuliza, akamvunjia muwa. "Keti. Tafuna mpaka uzito wangu utokee."

Akatafuna, madereva wakimhesabia pingili kwa vicheko. "Tatu! Kaza meno, mwalimu!" Namba ilitokea kwenye pingili ya tano. Akafuta neno lake kwenye fomu, akaturudishia programu ya zamani.

Nilicheka na wenzangu. Lakini kilo zilizoliwa na jua hazikuandikwa kwenye fomu yoyote, na mama hakuombwa hata msamaha.