Buti za Mwenyekiti Mworia

Mworia alizaliwa mwanakamati. Wengine hapa mtaani kwetu Wabera ni madereva, wengine wanauza mbuzi, wengine tumekaa tu. Yeye ni mwenyekiti. Wafadhili walipopenda miti, alikuwa mwenyekiti wa miti. Walipohamia kwenye nyuki akahamia nao, ingawa nyuki mwenyewe alimwona mara moja tu, na siku hiyo alikimbia mpaka akapoteza kofia. Walipotaka amani, alisimama uwanjani akiwa na njiwa mkononi. Njiwa alikataa kuruka, naye akaendelea kuhutubu huku amemshika miguu. Mimi ni jirani yake, ua wetu ni mmoja, kwa hiyo hotuba zake nazisikia mara mbili: asubuhi akizifanyia mazoezi huku ananyoa ndevu, na baadaye akizitoa mbele ya watu.

Mkewe Kathure hana cheo chochote. Ana kibanda cha sukuma na nyanya karibu na stendi ya miraa, na alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa aitwaye Makena. Alimnunua zamu yake ya kupokea pesa za chama cha akina mama ilipofika, na mwenyekiti hakuchangia hata kamba. Maziwa ya Makena ndiyo yaliyomweka binti yao Karimi shuleni huku baba yake akihudhuria warsha. Kathure humwambia ng'ombe habari za siku kabla hajamwambia mumewe, na simlaumu, maana ng'ombe alisikiliza.

Basi mwaka juzi zikaja habari kwamba kuna ruzuku ndogondogo kwa vikundi vya mitaani vinavyopambana na uhalifu. Jua halijatua Mworia alikuwa na kikundi. Akakiita Macho Wazi. Wafadhili hupenda sura mchanganyiko, kwa hiyo alizunguka mtaani akitafuta sura: akampata Huqa, kijana Mborana aliyekuwa na mtamba wake mmoja na ndoto ya kuoa, akampata Lopeyok, mzee wa Kiturkana aliyehamia kutoka Ngaremara, akaongeza Wasomali na Wameru mpaka picha ikakamilika.

Ruzuku ilipotoka uliitwa mkutano wa kuamua inunue nini. Kathure alikuwa amekaa nyuma, na akasema jambo ambalo kila mtu alilijua. Nyuma ya mazizi yetu kuna kichaka cha mathenge, ile miiba inayoota haraka kuliko watoto, na wezi hujificha humo. Kikatwe. Mworia alimjibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga vifungo, kwamba kichaka kikishakatwa hakionekani kwenye picha. Mgeni akija ataonyeshwa nini, mahali ambapo hakuna kitu? Watu wakapiga makofi. Wakanunua buti.

Hapo lazima nieleze, maana ujinga huu haungewezekana mji mwingine. Hapa mnyama akiibwa watu hawaanzii kituo cha polisi. Wanaanzia chini, kwenye mchanga. Wengi wetu tulivaa akala, viatu vya matairi, na fundi hakati jozi mbili zikafanana: huyu ana tairi la lori, yule la pikipiki, wa tatu ana kisigino kilicholika upande. Lopeyok akiinama kidogo tu alikutajia mwenye unyayo, alikokuwa akienda, na kama alikuwa na haraka. Mwizi wa mbuzi Wabera alikuwa na maisha magumu. Na mwizi asipopatikana, wazee wana sheria yao: wale ambao unyayo ni wao, au umeishia kwao, ndio hulipa mnyama, kisha wamtafute mwizi wao wenyewe.

Sasa tukawavalisha walinzi wetu wote buti za aina moja, nyeusi, zenye nyota katikati ya soli. Hakuna aliyeliona kosa. Hata Lopeyok, ambaye angepaswa kuliona kabla ya watu wote, alizipenda buti zake mpaka akawa analala nazo. Wageni walikuja, picha ikapigwa, buti mbele na nyuso nyuma. Mworia aliahidi kwamba wezi wakizisikia zile nyayo watahama kaunti.

Hawakuhama. Jumapili moja, baada ya mvua ya usiku, Mworia na Kathure walikuwa kanisani, na yeye mwenyekiti alikuwa akitoa matangazo, ambayo kwake huwa marefu kuliko mahubiri. Waliporudi, zizi lilikuwa wazi. Kathure alishika nguzo ya zizi akabaki hapo, na mimi niliyemzoea akicheka na kila mtu sikuweza kumtazama.

Macho Wazi wakaitwa, wakaja mbio. Lopeyok akainama. Mchanga ulikuwa laini na kila kitu kilionekana: kwato za Makena, na kando yake unyayo wa mtu, wenye nyota. Akafuata mpaka ndani ya kichaka cha mathenge, kile kisichopendeza pichani, akatokea upande wa pili, akafika kwenye lami ya barabara ya kaskazini. Hapo mchanga ukaisha. Akarudi uso umemshuka.

"Hii ni buti ya kikundi," alisema. "Inaweza kuwa ya Huqa, inaweza kuwa yangu, inaweza kuwa ya mwenyekiti. Zote ni moja. Mimi sasa ni kipofu."

Wiki ile ile wazee walikaa kwenye banda la chifu. Walizigeuza buti za kikundi kizima, soli juu, wakatazama nyota baada ya nyota. Sheria ni sheria: unyayo ni wa Macho Wazi, Macho Wazi walipe. Ikaulizwa nani ana mnyama wa kutoa. Wengine wakaanza kutazama paa. Mwenye mnyama karibu alikuwa Huqa, na mtamba wake yule ambaye tayari alikuwa ametajwa kwa wakwe. Wakamwambia amtoe, wenzake watamfidia polepole. Sote tulijua maana ya polepole. Huqa alikubali kwa kichwa tu, macho yamejaa machozi.

Na mwenyekiti? Mwenyekiti alisimama akashukuru wadau wote kwa moyo wa uwajibikaji. Nilitamani kumrushia kiatu.

Ndipo Kathure akasimama. Kumbuka alichokuwa anapoteza: angenyamaza tu, jioni ile ile angekuwa na mtamba zizini kwake, na Karimi shuleni. Alijifunga leso vizuri, akamgeukia mumewe, ambaye tangu tuwafahamu humwita Baba Karimi.

"Mwenyekiti," alisema, "waambie kuhusu gunia."

Mwenyekiti akasema gunia lipi.

"Basi nitasema mimi. Buti zilibaki gunia mzima. Huyu alileta kwa kibanda yangu, akaniambia ni zake, amepewa na hao wageni, niuze. Nikauza. Nimeuzia vijana wa kupakia miraa, nimeuzia watu wa malori, nimeuzia mtu sijui hata jina. Huyo aliiba ng'ombe yangu, pengine mimi ndio nilimpimia saizi. Huqa msimchukulie mnyama."

Mworia alianza kueleza kwamba zile zilikuwa ziada ya utekelezaji. Mzee mmoja akamwomba aseme neno hilo kwa Kiswahili, akashindwa.

Wazee hawakukaa sana. Walisema nyayo zimefuatwa vizuri, na hazikuishia kwenye lami kama alivyodhani Lopeyok. Zimeishia mlangoni kwa Mworia. Alipe yeye. Amlipe mkewe. Kwa kuwa hakuwa na mnyama, walichukua pikipiki yake ya kuendea mikutano, wakaiuza, wakamnunulia Kathure ng'ombe mwekundu kwenye soko la mifugo. Si Makena. Hakamuliki kwa urahisi, na Kathure bado hajampa jina.

Huqa alioa. Kichaka alikikata yeye na wenzake kwa panga zao, bila ruzuku na bila mpiga picha, na ni kweli alivyosema mwenyekiti: mahali pale hakuna kitu cha kuona. Buti wakazivua, wakarudi kwa fundi wa akala, na Lopeyok akapata tena macho yake.

Mworia peke yake amekataa kuzivua. Anasema wageni wanaweza kurudi wakati wowote, na ripoti aliyowapelekea inasema kikundi kilifuatilia mali iliyoibwa mpaka mhusika akapatikana. Hakudanganya. Kila asubuhi, kwa kuwa hana pikipiki, anatembea mpaka mtoni kumletea ng'ombe wa mkewe majani, na Lopeyok akiiona ile nyota kwenye mchanga wa njia hiyo hainami tena. Anaijua akiwa amesimama.