Nilivyopelekwa Kwenye Msiba Usio Wangu

Niliondoka Iringa kwa sababu ya swali moja la mama. Miaka tisa iliyopita kaka yangu Lazaro, fundi wa vyerehani, alifariki Babati. Tulijulishwa kwa simu na mtu tusiyemfahamu: ndugu yenu ameugua siku tatu, amefariki, tumeshamzika. Mtandao ukakatika, na namba ile haikupatikana tena. Nilipiga simu makanisani na kwa watu waliowahi kuishi huko. Hakuna aliyelikuta jina la Lazaro kwenye makaburi. Mwaka huu mama amedhoofika, macho yamefifia, na kila jioni ananiuliza, "Amelala wapi?" Nikaona nisipokwenda sasa, atakufa akiuliza.

Nililala Dodoma kwa binamu. Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi la Babati. Nilivaa gauni jeusi na kilemba cheusi, kwa maagizo ya mama. Alisema sijawahi kumlilia kaka yangu mahali alipo, kwa hiyo nifike nikiwa nimevaa msiba. Baada ya Kondoa mahindi yalikuwa mabichi pande zote za barabara. Saa tano hivi tuliuona Mlima Kwaraa, kilele chake kimefunikwa na wingu.

Stendi ya Babati. Mwenye gesti niliyoweka nafasi alikuwa ameahidi kutuma mtu wa kunipokea. Niliposhuka, mwanamume wa makamo alinijia.

"Dada, ni wewe unayetoka Iringa?"

"Ni mimi."

"Pole sana. Tunakusubiri wewe tu."

Akabeba begi langu na kulitia kwenye pikapu. Ndani walikaa wanawake wawili wenye vitenge kiunoni, kimya kabisa. Nilidhani nao ni wageni wa gesti. Mmoja alinishika mkono, hakuniachia mpaka tuliposimama.

Mtaa wa Maisaka, karibu saa sita. Niliona turubai, viti vya plastiki, wanaume wamekaa mbele, moshi wa majiko nyuma ya nyumba. Hapo ndipo nilipoelewa. Mama wa yule mwanamume, aliyeitwa Baba Neema, alikuwa anazikwa siku hiyo, na wakwe wa mdogo wake walikuwa wanatoka Iringa. Baba Neema hakuwa amewahi kuwaona. Alinipokea mimi.

Nilikwenda jikoni nikamtafuta mkewe, Mama Neema, aliyekuwa akikoroga sufuria kubwa.

"Mama Neema, mimi si mgeni wenu. Nimechukuliwa kwa makosa."

Alinitazama, akajifuta moshi machoni. "Umekula?"

"Bado."

"Basi kaa ule. Mtu akishaingia msibani hatumtoi. Baba Neema nitamwambia, ila si sasa. Amefiwa na mama, halafu aambiwe ameshindwa hata kupokea wageni?"

Mwanamke mwingine jikoni akadakia, "Na aliapa atawajua kwa kuwatazama tu."

Walicheka kidogo, kwa sauti ya chini. Nilipewa kisu na beseni la vitunguu.

Saa nane ratiba ilianza. Baada ya wasifu wa marehemu kusomwa, msemaji wa familia alisema wageni wa mbali watoe salamu, kama ilivyo kawaida. "Tuanze na ndugu zetu wa Iringa." Baba Neema alinyoosha mkono kunielekea. Nilimtafuta Mama Neema kwa macho. Alikuwa bado jikoni.

Nilisimama mbele ya watu wote wale. Sikuweza kudanganya mbele ya jeneza. Nilitoa pole, kisha nikasema mimi si mkwe, nimeletwa kwa bahati mbaya. Nikasema nilikuja Babati kutafuta kaburi la kaka yangu Lazaro, fundi wa vyerehani, aliyekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba na begi la vifaa. Nikaomba radhi, nikakaa. Baba Neema alikuwa ameinamisha kichwa.

Kisha mama mmoja kwenye safu ya kwaya akasimama. Baadaye nilimjua kwa jina la Mama Paskali.

"Huyo Lazaro simjui. Lakini fundi wa vyerehani wa kutoka Iringa tulikuwa naye mmoja, tukimwita Fundi Mhehe. Kaka yako alikuwa na kidole gani kibovu?"

"Cha shahada, mkono wa kushoto. Sindano ilikipitia akiwa anajifunza kazi."

Mama Paskali akageukia watu. "Ndiye."

Tulimzika kwanza mama wa Baba Neema. Wakati udongo unawekwa, wakwe wenyewe wakafika kwa bodaboda, basi lao limeharibika njiani. Baba Neema aliwapokea, kisha akanijia. "Dada, nilikukosea."

"Hapana, Baba Neema. Nimefika."

Saa kumi na moja, mtaa wa Nangara. Mama Paskali alinipeleka shambani kwake. Kule wengi huzikwa kwenye ardhi ya nyumbani, ndiyo maana nilikuwa nauliza makanisani bila jibu. Lazaro alikuwa amepanga chumba kwao. Alipofariki hawakujua kwao ni wapi hasa huko Iringa. Namba yetu waliipata baadaye kwenye daftari lake, na simu waliyotupigia iliibwa wiki hiyo hiyo, pamoja na daftari.

"Mume wangu alisema hatuwezi kumzika kati ya watu asiowajua," alisema. "Tukamweka na watu wetu."

Msalaba wa mbao haukuwa na jina, ila ulikuwa umepakwa rangi upya, na majani yamefyekwa. Nilikaa chini, nikalia kama nilivyotumwa.

Siku ya nne nilikuwa Iringa. Katika safari ile nilijifunza kwamba nilikuwa natafuta jina, kumbe watu wa Babati walimtunza mtu bila jina hilo. Na kama Baba Neema angewajua wakwe wa mdogo wake, ningerudi bila kitu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Amelala kati ya nani na nani?"

"Kulia ni baba mkwe wa Mama Paskali. Kushoto ni mtoto wao aliyefariki mchanga."

Mama akanisogelea.

"Mtoto aliitwa nani?"

Sikuwa nimeuliza. Nilimpigia Mama Paskali palepale, nikamwekea mama simu sikioni.