Siku Soipan Alipomtaja Parmuat

Mjukuu wangu Soipan anauza maziwa pale Kisaju. Mtu akikuambia huyo msichana ni mwoga, mlete hapa kwangu Kitengela, aniulize mimi, Namunyak. Mimi niliona kwa macho yangu. Na nilifika darasa la saba wakati wenzangu walikuwa wanaolewa, kwa hivyo kuandika hakunishindi.

Baba ya Soipan alipokufa, jirani yao Parmuat, mtu wa rika moja na marehemu, alitaka boma aliloacha, nyumba na zizi, liungane na lake. Soipan akakataa kuhama. Asubuhi moja, hapo mlangoni pa zizi, Parmuat akampiga na rungu, mkono wa kulia ukavunjika. Wazee wakasema yaishe kwa Parmuat kulipa kondoo. Soipan akaenda polisi.

Kesi ikaitwa kortini Kajiado. Tulikuwa tumeketi kwenye benchi Parmuat alipoingia na shuka mpya, akapita karibu yetu. Soipan akasimama, akamwinamishia kichwa. Parmuat akakigusa, polepole, hakimu akiangalia.

Kwetu mtoto huinamia rika la baba yake. Hiyo ndiyo enkanyit, heshima, na mtu haifikirii. Ni kama kufumba jicho vumbi likija. Lakini wakili wa Parmuat aliiambia korti kwamba hawa ni baba na binti, wamekwisha kupatana, kila mtu amejionea. Soipan alipoitwa kutoa ushahidi akatazama sakafu. Akaulizwa, akaulizwa tena. Kesi ikaahirishwa. Kathini, mama anayeongoza mashtaka, akatuambia huko nje kwamba bila maneno ya Soipan kesi itakufa. Nilijua boma nalo litamwendea Parmuat.

"Koko, akiwa pale mdomo unakataa," Soipan akaniambia; koko kwetu ni nyanya. "Si mimi. Ni mdomo."

Basi Kathini akaomba Soipan asikizwe kwa video, akiwa kwenye chumba hapa Kitengela. Wakili alipinga sana, lakini hakimu akakubali. Karani wa korti angekaa naye, na mimi ningekaa nyuma, bila kusema wala kutikisa kichwa.

Asubuhi ya siku hiyo nilimwona Soipan ameshika kikombe tu, hanywi.

"Huyo unayemwogopa," nikamwambia, "mimi nilimtoa siafu makalioni akichunga ndama. Alilia mpaka ndama wakatoroka."

Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Kwenye skrini tuliona hakimu na mawakili. Parmuat alikuwa huko kortini, anamwona Soipan, lakini sisi hatukuonyeshwa yeye. Soipan akaapa, akaeleza habari ya zizi na rungu, sauti yake ndogo lakini inaenda. Kathini akamuuliza aliyempiga ni nani.

"Baba," akasema, vile tunavyowaita wote wa rika la baba.

Wakili akasema baba ni wengi. Na hapo tukasikia kikohozi cha Parmuat kutoka huko kortini, kile cha mzee anayetaka watoto wanyamaze. Nikaona shingo ya mjukuu wangu inalegea. Nikashika kiti kwa mikono miwili. Kichwa kikashuka, kikafika katikati, kikangoja. Hakukuwa na mkono wa kukigusa. Kulikuwa na meza na skrini tu. Soipan akaitazama ile meza, halafu akainua kichwa.

"Parmuat," akasema. "Ni Parmuat aliyenipiga."

Wakili alipopata zamu yake akamuuliza, mbona siku ile alimwinamia mtu huyo mbele ya hakimu, kama kweli alikuwa amemuumiza.

"Kichwa nilimpa mwenyewe, kwa heshima ya baba yangu," Soipan akajibu. "Mkono sikumpa. Huo aliuvunja."

Hakimu akaandika kwa muda. Kathini alikuwa anatazama makaratasi yake, lakini mimi nilimwona anatabasamu.

Hukumu bado. Lakini hakimu amesema Parmuat ana kesi ya kujibu, na amemkataza kukanyaga boma lile. Soipan amerudi Kisaju. Mkono haunyooki vizuri, ila unakamua.

Siku ile tulipotoka chumbani alikuja mbele yangu akainamisha kichwa, kama kawaida yake tangu akiwa mtoto. Sikukigusa. Nilinyoosha mkono, nikamsalimu vile nasalimu mwanamke mwenzangu. Alisitasita kidogo, halafu akaushika, kwa ule wa kulia.