Mikanda ya Dari ya Baba Mkwe

Baba mdogo alinipa onyo moja tu kabla hatujashuka kwenye basi Iringa.

"Ukifika ukweni, macho chini. Mshenga ni mimi, nitaongea mimi. Wewe angalia viatu vyako. Na kwa kuwa viatu vyenyewe nimekuazima, viangalie kwa heshima."

Nilikubali bila taabu. Kunyamaza sikufundishwa na mtu, nilizaliwa nako. Darasa la saba lote mwalimu alidhani mimi ni mgeni niliyekuja kumtembelea mwanafunzi mwingine.

Shida yangu ilikuwa hayo macho. Mimi ni fundi wa dari, na kazi yangu hasa ni mikanda, ile inayozunguka chumba pale ukuta unapokutana na dari. Watu wengi hawaitazami, lakini inawafanya wajisikie vizuri au vibaya bila wao kujua. Mkanda mwembamba kwenye ukumbi mkubwa unaonekana kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mzee. Mkanda mnene kwenye chumba kifupi, mtu akiingia anainama. Kule Makongolosi mchimbaji mmoja alipata dhahabu, akataka sebule yake ndogo iwe na mikanda mitatu, mmoja chini ya mwingine, yenye maua na zabibu. Nilimwambia kwa sauti yangu hii ya chini kwamba chumba ni kifupi. Hakunisikia. Siku ya kuhamia, mke wake alikaa kwenye kochi, akatazama huku na huku, akasema, "Mbona najiona kama nimo ndani ya keki?"

Basi, mtu wa kazi hii akiingia nyumba yoyote shingo inakwenda yenyewe. Msibani naangalia juu. Kanisani naangalia juu, na kina mama wanasema kijana yule anampenda Mungu.

Binti niliyekwenda kumposa nilimkuta Chunya, akiuza kwenye duka la dada yake la vifaa vya ujenzi. Nilikuwa nanunua misumari kidogo kidogo ili kesho nipate sababu ya kurudi. Mwisho aliniuliza mwenyewe, "Kaka, unajenga au unanitafuta mimi?" Nikasema naomba misumari. Akacheka, na mambo yakaanzia hapo. Lakini aliniambia wazi kwamba wawili walishafika kwao kabla yangu, na wote walitoka wamenywea. "Baba akikataa, amekataa," alisema. "Hakuna kurudi kubembeleza."

Kwao ni Mlandege, hapohapo Iringa mjini. Baba yake anauza mbao, mtu mpana, mwenye sauti ya kuita lori lililoshaondoka. Alitupokea mlangoni kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene!" moja iliyonirudisha hatua nyuma, akatuingiza sebuleni, akanionyesha kiti kifupi karibu na ukuta. Mama mkwe akakaa upande wa dirishani. Nikaangalia viatu.

Baada ya muda nikahisi kitu kinanikalia kisogoni. Si mimi tu. Baba mdogo, ambaye sokoni Mbeya husikika kabla hajaonekana, alikuwa anaongea kwa kunong'ona kama yuko wodini. Nikajiuliza ni nini. Shingo ikaenda.

Sijawahi kuona mikanda ya namna ile. Ilikuwa ya mbao, mipana karibu mkono mzima, ya kahawia iliyokaribia kuwa nyeusi, imetokeza mbele kama paji la uso la mtu aliyeudhiwa. Na ukuta chini yake umepakwa kahawia hiyohiyo hadi usawa wa dirisha. Chumba chenyewe kilikuwa kirefu tu kwenda juu, ila kilikuwa kimekunja uso. Nikasahau viatu. Nikasahau na posa.

"Huyu kijana wenu," baba mkwe akamkatiza baba mdogo, "anatafuta nini kule juu?"

Baba mdogo akanikanyaga. Kiatu chake mwenyewe, maskini.

"Anasali, mzee. Ni kijana wa sala."

"Anasali amekodoa macho?"

"Sisi Mbeya ndivyo tunavyosali."

Mama mkwe naye akaangalia juu. "Kuna mjusi?" Binti yao wa mwisho, aliyekuwa akimimina chai, akainua kichwa kumtafuta huyo mjusi, na chai ikaendelea kumiminika ikajaza kikombe, ikajaza sahani, ikaanza safari ya kwenda kwa baba mdogo.

"Namuuliza yeye," baba mkwe akasema. "Kijana, unaangalia nini?"

"Mikanda, baba."

"Ina nini?"

Hapo ningesema ni mizuri, nikarudi kwenye viatu. Lakini mtu asiyeongea hana mazoezi ya kudanganya.

"Imekizidi nguvu chumba, baba. Mtu akikaa hapa anaona kama dari inamkalia. Anatamani aondoke."

Baba mdogo akafumba macho. "Na sisi tuondoke," akaninong'oneza.

Baba mkwe aliweka kikombe chini.

"Ndivyo nilivyotaka," akasema. "Nina mabinti watatu mimi. Walipoanza kuja kumposa yule wa kwanza, sebule hii ilikuwa nyeupe, mwanga mpaka kwenye kona. Vijana wakawa wanakaa kwa kujiachia, miguu mbele! Mmoja akaniomba rimoti. Ndiyo nikachonga mikanda hii kwa mkono wangu. Tangu hapo hakuna aliyeinua kichwa. Wanasema shida yao upesi, wananywea, wanakwenda. Wewe ndiye wa kwanza kuiangalia."

Nilikuwa sijajua kama nimesifiwa au nimehukumiwa, mama mkwe akasimama.

"Kumbe!" akasema. "Na wanakwaya wenzangu je? Kila wakija wanakaa kidogo tu, mara kichwa kinauma, mara nimeacha maharage jikoni. Miaka yote nilijua ni chai yangu! Nimebadilisha majani. Nimebadilisha na birika. Baba nanihii, ulijua?"

"Nilijua kidogo," baba mkwe akasema.

Mama mkwe akanigeukia. "Mwanangu, wewe si fundi? Itoe. Ukiitoa, binti ni wako."

"Ukiigusa," baba mkwe akasema, "humpati."

Kule ukumbini nikaona kipande cha khanga kikijificha nyuma ya mlango, nikajua ni mchumba wangu, anasikiliza. Nikamtazama baba mdogo anisaidie. Alikuwa anakamua chai kwenye suruali yake.

Nikasema mimi. Nilianza kwa kuonyesha kwa mikono kwa sababu sauti ilichelewa. Upande huu wa kiti cha wachumba, nikasema, mikanda ibaki kama ilivyo. Upande wa dirisha kwa mama, niweke myembamba ya jipsamu, nyeupe, na ukuta nao niupake rangi nyeupe hadi juu, utaonekana umeinuka.

"Na katikati, inapokutana?" baba mkwe akauliza.

"Pale itakuwa mbaya, baba. Itakuwa kama shati lililoshonwa na mafundi wawili waliogombana."

"Yaani umekuja kuniposea binti, na unaniahidi kazi mbaya?"

"Ndiyo, baba. Mbaya sana."

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, tumbo kwanza, sauti baadaye, mpaka vumbi likadondoka kutoka kwenye mikanda. Nyuma ya mlango mtu mwingine naye akacheka, na baba mkwe akasema, "Toka huko, umeshasikia, chukua fundi wako."

Ile kazi niliifanya wiki moja kabla ya harusi. Huwa siwaonyeshi wateja picha yake. Lakini wanakwaya sasa wanakaa upande mweupe mpaka jua linazama, na mama mkwe amerudia majani yake ya zamani.

Juzi juzi akaja kijana kumposa yule binti wa mwisho. Wakamkalisha kwenye kiti kilekile kifupi, chini ya mikanda ya kahawia. Mimi nilikuwa upande wa dirisha na wenye nyumba, nina chai yangu. Kijana alikuwa ameinama, anatazama viatu vyake, vikubwa, vya kuazima kabisa. Nikamwonea huruma. Aliponitupia jicho la wizi, nikainua kidevu kidogo, kumwashiria aangalie juu.

Baba mkwe akaniona.

"Wewe," akasema, "macho chini."